Mjumbe Aliyeitwa Kutoka Jikoni

Mikono yangu ilikuwa ndani ya sufuria la utumbo wa mbuzi wakati mume wangu, Guled, aliponiita kutoka mlangoni mwa darasa.

"Ambaro! Nawa mikono uje. Wewe ni mjumbe."

"Mjumbe tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Usinianzie maswali mbele za watu."

Haya. Siku kumi na moja walikuwa wamejifungia ndani ya shule ile, wazee wa Kisima cha Juu na wazee wa Kisima cha Chini, ati wanazungumza amani. Sisi tuko nje, tunapika na kupuliza moto mpaka macho yanatuwasha. Na amani yenyewe aliileta nani? Watu wa Chini walipomuua Liban wa Juu kwenye foleni ya maji, bunduki zikapangwa kwenye kingo zote mbili za mto mkavu. Walioingia katikati ni sisi, wanawake thelathini, tuliozaliwa upande mmoja tukaolewa upande wa pili. Tulikaa mchangani siku tatu. Niliwapigia kelele kaka zangu kule na shemeji zangu huku: pigeni basi, mtuanzie sisi! Hawakupiga. Siku ya nne wanaume wakashuka, wakashikana mikono, wakatuambia ahsanteni sana, sasa nendeni mkapike.

Leo nimekuwa mjumbe! Sababu niliiona mara nilipoingia. Mezani alikuwa amekaa Kapteni Niyonkuru, mwanamke wa Burundi kutoka kikosi cha kulinda amani, faili liko mbele yake. Wakubwa wake walikuwa wameahidi kutuchimbia kisima cha tatu kwa sharti moja, kwamba mkataba uwekwe alama na wanawake watano. Basi ndiyo tukaokotwa jikoni, watano kamili, tunanuka vitunguu. Pembeni yangu alikaa Haweya, mama wa marehemu Liban, hajasema neno tangu mazishi.

Katibu akasoma. Kifungu cha kwanza mpaka cha tano sikuwa na neno: zamu za maji, malisho, ngamia wa fidia. Cha sita alikisoma haraka haraka, ameinamia karatasi. Ili kuondoa kinyongo, Watu wa Chini watatoa msichana aolewe na Dahir, kaka wa marehemu. Msichana huyo ni Idil binti Guled.

Idil ni mwanangu. Ana miaka kumi na saba, yuko kidato cha tatu, na Dahir ana wake wawili.

Nikamgeukia Guled. Akatazama dari.

"Ulijua?"

"Ni mila, Ambaro. Halafu si anakwenda kwa wajomba zake? Ni kwenu kule! Angepelekwa kwa wageni ungesemaje?"

Wazee wakacheka, kile kicheko cha watu walioshiba. Wallahi damu ilinichemka. Mimi mwenyewe niliingia ukoo wa Guled hivyo hivyo. Miaka ishirini iliyopita ni Watu wa Juu ndio waliomuua mtu wa Chini, baba yangu akaniambia vaa twende, nikakabidhiwa kwa Guled ambaye sikuwa nimemwona hata siku moja. Mimi niliteremshwa, sasa mwanangu apandishwe, kama ndoo ya kisimani.

"Weka kidole, binti Rooble," alisema mzee Igal, msemaji wa Juu, akiniita kwa jina la baba yangu na kunisogezea wino. "Watu wana njaa."

"Siweki."

"Usitutanie."

"Nani anatania hapa? Siweki!"

Kiswahili nilikiokota kambini Kenya tulipokuwa wakimbizi, nikiwa mtoto. Nikamgeukia yule Kapteni. "Afande, kifungu cha sita umekielewa?"

"Nimetafsiriwa. Wameniambia ni harusi ya kuunganisha koo."

"Ni mtoto wangu, na hakuna aliyemuuliza. Wala mimi."

Akaizungusha kalamu yake mezani. "Dada, sina mamlaka ya kuingilia mila zenu. Nimetumwa kushuhudia alama tano za wanawake."

"Kumbe umekuja kutuhesabu, hukuja kutusikia!"

Akainamisha macho. Nilimchukia kuliko wazee wote mle ndani, kwa sababu yeye alikuwa amenielewa. Mwisho akamwambia mkalimani, kwa sauti ya chini, kwamba alama ya kulazimishwa hataipokea, na zikiwa nne mkataba hauendi popote.

Darasa likalipuka. Igal akapiga meza. "Unataka vita, mwanamke? Kwa ajili ya msichana mmoja watu wamalizane?"

"Na mimi nani aliniuliza?"

Alikuwa Haweya. Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini kila mtu alimsikia. "Nimemzika mwanangu. Sasa mniletee mtoto wa watu, nikimtazama kila asubuhi nimkumbuke Liban? Simtaki."

"Haweya, nyamaza. Haya ni mambo ya wanaume," Igal akamkemea.

"Nilipomzaa Liban mlikuwa wapi, nyie wanaume?"

Guled akaona aibu imemfika shingoni. Akasimama, ananinyooshea kidole mbele ya koo zote mbili. "Ambaro, weka kidole sasa hivi, la sivyo nakuacha."

"Niache."

"Nimekuacha! Nimekuacha! Nimekuacha! Rudi kwenu!"

Hata vijana wenye bunduki waliokuwa wamejazana madirishani waliacha kutafuna mirungi. Igal alimkodolea macho Guled. "Wewe, umefanya nini? Huyu ndiye..." Akameza maneno.

"Malizia, mzee," nikamwambia. "Huyu ndiye amani yetu. Si ndivyo mlivyoniambia? Kwamba nikitoka kwa Guled damu itamwagika?" Nikawageukia wale wa madirishani, nikapiga kelele mpaka koo likaniuma. "Haya, nimetoka! Nimeachwa mchana kweupe, mmesikia kwa masikio yenu! Piganeni basi! Mnangoja nini?"

Hakuna aliyeinua bunduki. Kijana mmoja wa Juu alimtazama mwenzake wa Chini, akatazama viatu vyake.

"Liban aliuawa mimi nikiwa mke wa Guled," nikasema. "Miaka ishirini niko nyumbani kwake, risasi ile sikuizuia. Leo nimeondoka, na hamkupiga hata moja. Sasa niambieni, Idil mnamtakia nini?"

Nilikuwa nalia, na sikujali. Haweya akauficha mkono wake chini ya shuka. Wale watatu wengine nao wakaficha ya kwao, mmoja baada ya mwingine. Kapteni Niyonkuru aliisukuma kalamu yake juu ya meza mpaka ikafika mbele ya Igal.

Mzee akamtazama msemaji wa Chini, ambaye akapandisha mabega. Igal akaichukua kalamu, akakikata kifungu cha sita kwa hasira mpaka karatasi ikachanika. Nikachovya kidole, nikakiweka kando ya ule mpasuko, kisha nikaenda kumwambia Idil kwamba mama yake ameachwa na yeye haolewi.