Maji ya Pahing

Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa nne kasorobo, Bu Warsiti, yaani Mama Warsiti kwa lugha ya kwao, alivua kandambili zake, akashuka kwenye gati la mianzi ambako zamani wanawake walikuwa wakifulia, na kusuuza chupa mara tatu kwa maji ya mto Wening kabla ya kuijaza. Mara tatu, si mbili. Alikuwa ametengeneza tempe kwa miaka thelathini na moja, na mtu anayechachusha soya ndani ya majani ya migomba anajua kwamba chombo kilichosuuzwa mara mbili bado ni kichafu. Kwa ajili hiyo wanakijiji walimchagua yeye kuwa mwakilishi wao kwenye kamati ya ufuatiliaji, ile inayopima kama kiwanda cha kutia rangi vitambaa, kule juu mtoni, kinatimiza masharti ya kibali chake. Walimpa fulana yenye jina la kamati. Aliipiga pasi mpaka mikono.

Jumanne moja walikuwa watatu pale gatini. Kulikuwa na Mas Prasojo, yaani Kaka Prasojo, afisa kijana wa ofisi ya mazingira ya wilaya, na Pak Gunadi, yaani Bwana Gunadi, mtu wa kiwanda, ambaye hakuja hata siku moja bila vikasha vya vitafunwa vya kutosha kila mtu. Prasojo alichota chupa yake, maji yakatoka maangavu. Gunadi akachota, maangavu vilevile. Warsiti alichota palepale, mkono wake ukigusana na wa Gunadi, na chupa yake ikatoka imejaa maji ya kahawia iliyokolea, yenye harufu ya betri ya gari. Ndani yake kilielea kipande cha karatasi ya kalenda: Jumapili, Pahing.

Prasojo alikuwa mwenyeji wa wilaya ile na hakuhitaji kuelezwa. Wiki ya soko ina siku tano, na katika kijiji hicho siku ya soko ni Pahing. Siku hiyo kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri watu wote wako sokoni na mtoni hakuna mtu wa kuona kinachomwagwa. Wauza viungo huchana karatasi ya kalenda ya siku hiyo na kufungia pilipili manga, kisha karatasi hutupwa na baadhi huishia majini.

"Bu, haya maji ni ya juzi," alisema Prasojo.

"Naona."

"Umekuja nayo kutoka nyumbani?"

"Mas, nimeinama hapa mbele ya pua yako. Au ulikuwa unaangalia vitafunwa?"

Prasojo alikubali kwamba alimwona. Alimwomba achote tena, na tena, na tena. Chupa nne zilitoka za Jumapili.

"Wengine mikono yao huchelewa," alisema Gunadi kwa upole. "Mama yangu alikuwa hivyohivyo."

Fomu ilitaka maji ya siku ya kuchota. Prasojo aliandika, *Sampuli ya tatu: si ya leo*, akaikata kwa mstari. Kisha wakala vitafunwa.

Warsiti aliumia. Kibali cha kiwanda kilikuwa kinaisha mwezi wa kumi na mbili, na ripoti za kamati hii ndizo zingeamua kama kitaongezwa miaka mitano mingine. Kisima chake kilikuwa hatua ishirini kutoka mtoni. Kwa mwaka mzima, soya aliyoiloweka baada ya Pahing haikushikana. Alifungua majani asubuhi akakuta punje zimetengana, nyeusi, na wateja wa vijiji vitatu waliolijua jina lake wakawa wanapita mlangoni wakimwamkia tu. Alitaka kitu kimoja: chupa yake iingie kwenye ripoti.

Mwezi uliofuata, Jumanne yenyewe iliangukia Pahing. Barua ikaja kutoka kiwandani kwamba pampu inatengenezwa, tafadhali kamati ije Jumatano. Ofisi ilikubali. Jumatano Warsiti alichota maji ya jana.

"Umekaribia, Bu," alisema Prasojo kwa huruma. "Umekosea siku moja tu."

"Mimi sijakosea. Nyinyi ndio mmechelewa."

Gunadi alicheka mpaka akafuta machozi, akasema hilo lazima akawasimulie wenzake kazini.

Chupa zilizokataliwa Warsiti alizipanga nyumbani kwenye rafu ya tempe. Kila moja aliiandikia lebo: siku, saa, rangi, harufu. Majirani walikuja kuzitazama baada ya sala ya alasiri. "Hii ndiyo iliyonigeuzia bata rangi," alisema mmoja, akaigonga kwa ukucha.

"Kwani huwezi kuchota ya Jumanne kama watu wengine?" aliuliza Sarpin, mumewe.

"Ya Jumanne wanayo wao."

"Basi tuyatie sukari tuyauze. Rangi yenyewe tayari ya chai."

"Utaanza kunywa wewe."

Mwezi wa kumi Prasojo hakupiga mstari. Aliitazama chupa kwa muda mrefu, akaiweka kwenye kisanduku cha barafu pamoja na zile nyingine mbili. Majibu ya maabara yalikuja baada ya wiki tatu. Madini ya rangi yalikuwa mara saba ya kiwango kinachoruhusiwa. Umri wa maji: siku mbili, tangu siku ya soko. Mpimaji aliongeza kwa mkono kwamba hajapata kupokea sampuli iliyochotwa vizuri namna hii. Haikuwa na povu wala uchafu wa nje, na kifuniko kilikaa sawasawa.

Mwezi wa kumi na mbili Warsiti aliitwa wilayani. Mkuu wa ofisi alimkabidhi cheti cha mchotaji bora wa wilaya nzima, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu. Ukumbi ulipiga makofi, na wa kwanza kusimama alikuwa Gunadi, aliyefurahi kwa dhati. Katika kikao hichohicho mkuu alisoma barua ya pili, ya kuongeza kibali. Masharti yalihusu maji ya siku ya ukaguzi, na siku zote za ukaguzi maji yalikuwa safi. Maji ya Pahing yalikuwa yameambatishwa nyuma, kwa shukrani.

"Na kisima changu?" aliuliza Warsiti.

"Kisima hakimo kwenye kibali, Bu."

Alisoma cheti tangu juu mpaka chini. Jina lake lilikuwa limeandikwa bila kosa. Alikuwa na uchungu na alikuwa na fahari, vyote pamoja, na hakuona sababu ya kuficha kimojawapo. Alikipakata kile cheti njia nzima, kioo kikitazama nje ili watu wakisome.

Jumanne ya kwanza ya mwaka mpya alivua kandambili, akasuuza mara tatu, akachota. Maji yalikuwa meusi kuliko siku zote. Prasojo aliinama kusoma karatasi ya kalenda iliyokuwa ikielea. Tarehe yake ilikuwa ya Pahing ya mwisho kabla ya kibali kipya kumalizika, miaka mitano mbele.

"Haya bado hayajafika," alisema.

"Mkono umeacha kuchelewa," alisema Gunadi, akampa Warsiti kikasha chake cha vitafunwa.

"Fomu haina nafasi ya maji kama haya, Bu," alisema Prasojo.

"Sijaiuliza fomu."

Aliiweka chupa gotini akaandika lebo: siku ya juma, siku ya soko, mwezi, mwaka, rangi, harufu. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka. Aliifuta chupa ikakauka, akaitia kapuni, akaenda nyumbani kupitia msikitini, upande wa pili wa kijiji, ambako siku hizi alichota maji ya soya.

Sarpin alikuwa kibarazani. Warsiti alimwambia rafu haitatosha.

"Unataka ya chupa ngapi?"

"Kila siku tano moja, kwa miaka mitano." Alikuwa ameshapiga hesabu njiani. "Mia tatu sitini na tano."

"Huo ni mwaka mzima."

"Ndiyo. Na mbao ziwe nzito, zisije zikapinda."

Sarpin hakutania. Aliinuka, akaenda kutafuta msumeno.