Kibuyu Kidogo cha Cherop

Kwa jina la Mola, ajuaye kilicho safi na kilichochanganywa, naanza. Na rehema zimfikie Mtume wake, na aali zake, na kila amhurumiaye mgonjwa.

Niwapange watu wangu. Wa kwanza ni Nitin, mwenye duka la dawa hapa Section 58, Nakuru. Mwaka 2008, mji ulipoanza kutulia baada ya ghasia za uchaguzi, unga mbaya wa kulevya wa mitaani uliwalaza vijana wawili hospitalini, nusura wafe. Nitin akaweka meza nyuma ya duka, akawa anaupima unga huo kwa matone ya dawa, bila kumuuliza mtu jina wala kumkaripia. Wa pili ni Cherop, mjane wa Keringet. Wa tatu ni mwanawe, Kipkemoi, aliyenaswa na unga. Kituo cha matibabu kilikuwa kimempa nafasi Jumatatu. Mama aliomba tu mwanawe aifikie Jumatatu hiyo akiwa hai. Kijana akaapa kutogusa chembe isiyopimwa.

Jumamosi wakaja, nami nipo, nimefuata dawa ya kikohozi. Kipkemoi akatoa kibuyu kifuani.

"Niaje, daktari? Pima hii."

"Hicho si kibuyu changu cha maziwa ya mursik?" mama akang'aka.

"Mathe, askari gani atapekua maziwa ya mtu?"

Nitin akamimina unga kidogo kutoka kibuyuni hadi kwenye kisahani, akadondosha tone. Kisahani kikawa cheusi tititi. Akasukuma kiti nyuma. "Hii sijawahi kuona! Usiiguse, ndugu yangu!"

Kipkemoi akainama kutazama, akaangua kicheko. "Boss, hiyo ni mkaa!"

Kwao vibuyu husuguliwa ndani kwa mkaa ili maziwa yapate ladha, naye hakukiosha. Nilicheka hata kikohozi kikanipanda upya.

"Basi sijapima kitu," Nitin akasema. "Mkaa umefunika rangi. Nataka unga ambao haukuingia kibuyuni."

"Hiyo iko!" Kijana, kwa furaha ya kushinda, akavua kiatu, akachomoa kikaratasi ndani ya soksi.

Kicheko kikakatika.

"Na hiyo ya soksi," mama akauliza polepole, "ulitaka kuipima lini?"

"Hiyo ilikuwa ya jioni, mama. Haikuwa ya kupimwa."

Tone likaanguka. Rangi ikapanda nyekundu, ile ile ya unga uliowalaza wale wawili.

Kipkemoi akaketi sakafuni. Kisha akainuka, akachukua kikaratasi na kibuyu, akaumwaga unga wote chooni mbele ya macho yetu.

"Soksi ya pili!" mama akaamuru.

Akavua. Ilikuwa na tundu tu, na kidole gumba kikichungulia. Tukacheka tena, naye mama akacheka huku akifuta machozi.

Nitin akampa dawa ya kutuliza maumivu ya kukosa unga, na Jumatatu kijana akaingia kituoni kwa miguu yake, mama nyuma yake na kibuyu kilichooshwa, kimejaa maziwa.

Ewe Mola, mkamilishie Kipkemoi afya yake. Na waliobaki vichochoroni, wafikishe kwenye meza ya Nitin kabla ya jioni yao, uwape wa kuwacheka na wa kuwalilia. Amina.