Ng'ombe Wasioonekana Kizota

Yotham alikuwa amevaa shati la kuazima, na jasho lilikuwa limeshalimaliza kabla hata wazee hawajakaa. Chumba chake cha kufundishia kompyuta pale Kizota kilibanwa kati ya fundi wa kuchomea vyuma na duka la Castory la kurekodi CD. Siku zote benchi la humo lilikaliwa na vijana wa sekondari na makarani wa serikali. Jumamosi hiyo walilikalia wakwe. Wakwe watarajiwa, tuseme, maana mambo yakiharibika pale wangeondoka wakiwa wageni tu.

Katikati alikaa Mzee Mazengo, mjomba wake Angelina, fimbo kati ya magoti. Bwana huyu alipima mahindi soko la Kibaigwa miaka mingi, na tangu hapo hamwamini mtu mwenye mizani wala mtu mwenye tabasamu. Pembeni yake alikuwapo shangazi Loisi, mama mnene mcheshi, anayecheka kwanza ndipo aulize kilichochekesha ni nini. Angelina mwenyewe, bibi harusi mtarajiwa, alisimama mlango wa nyuma na birika la chai, macho chini kama inavyopasa. Masikio, hayo aliyaacha wazi.

Sasa sikia. Kwao kina Angelina hawapokei mahari ya kusimuliwa. Mjomba lazima awaone ng'ombe, azunguke zizi, avute mkia wa huyu, amfunue meno yule, akohoe kidogo, ndipo aseme ndiyo. Lakini ng'ombe wenyewe wako Chemba kwa baba yake Yotham, na mvua za mwaka ule zilikuwa zimekata barabara. Mtu akikunja suruali anavuka korongo vizuri tu, ila si Mzee Mazengo na magoti yale. Kusubiri nako hakukuwezekana. Angelina ni mwalimu, na alikuwa amepangiwa Sumbawanga. Mwalimu mwenye cheti cha ndoa huomba kumfuata mume wake. Mwalimu mwenye mchumba hupanda basi akaenda. Kwaresima ilikuwa inaanza Jumatano, na kanisani kwao Kwaresima hakuna kufunga ndoa. Matangazo yalishasomwa, mchungaji alishawapa Jumanne, sherehe itakuja baada ya Pasaka. Kilichobaki ni neno la mjomba.

Aliyepata akili ni Joshua, mtoto wa baba yake mdogo Yotham. Aliazima kamera ya dijitali ya mradi wa mifugo, akawapiga ng'ombe video, akaipeleka Kondoa ikatiwe kwenye CD. CD ikavushwa korongo juu ya kichwa cha mtu, ndani ya mfuko wa nailoni, ikapanda lori la upande wa huku. Mshenga naye, mzee wa magoti kama hayo hayo, alikuwa amekwama huko huko ng'ambo. Ndiyo maana Yotham, ambaye kwa desturi siku hiyo alipaswa kuwa mbali kabisa, alikuwa amesimama mbele ya wakwe akishika kipanya, hajui aangalie wapi.

"Haya," Mzee Mazengo akasema. "Watoe hao ng'ombe tuwaone."

Yotham akasukuma CD ndani. Mashine ikaunguruma, dirisha jeusi likafunguka, na ng'ombe akalia. Akalia vizuri kabisa, mlio mnene wa ng'ombe aliyeshiba. Kengele zikagonga, mtu akapiga mluzi. Dirisha likabaki jeusi.

"Ni usiku?" akauliza shangazi Loisi.

"Hapana, shangazi. Ni... ngoja kidogo."

Akafunga, akafungua. Akajaribu programu ya pili, akajaribu ya tatu. Ng'ombe akalia tena pale pale alipolilia mwanzo, na giza likawa lile lile. Yotham akajua.

Kompyuta zake zote ziliendeshwa na mfumo huru, ule unaotengenezwa na watu wa dunia nzima kwa kushirikiana na kugawiwa bure; unaukopi, unampa jirani, na hakuna wa kukuita mwizi. Jamaa alijivunia jambo hilo kupita kiasi, acha nikwambie. Alikuwa anawahubiria wanafunzi hadi wanasinzia. Lakini yule mtu wa studio kule Kondoa, ili video ienee kwenye CD, aliikamua picha kwa namna ya kampuni fulani, namna yenye kufuli, na ufunguo wake ni mali ya kampuni. Sauti aliiacha kama ilivyo. Basi mfumo wa Yotham ulikuwa unasoma sauti bila shida, ukifika kwenye picha unagonga mlango uliofungwa.

Joshua, Joshua! Angeleta tu ile ya kwenye kamera ilivyotoka, ingefunguka bila kelele. Yotham alitamani kumzaba kibao, korongo au hakuna korongo.

Castory wa jirani alikuwa ameshachungulia dirishani. Huyu hakosi mahali penye aibu ya mwenzake. "Kaka, lete kwangu hiyo! Mimi nabonyeza mara moja tu, unawaona mpaka kupe!"

Shangazi Loisi akaanza kuinuka. "Si twende basi? Ni hapo tu."

Mzee Mazengo hakuinuka. "Kijana," akamwambia Castory, "hiyo programu yako umeinunua?"

Castory akacheka kwa roho safi. "Mzee wangu, nani ananunua? Hii tumegawana mji mzima."

Hapo ndipo Yotham alipobanwa. Siku ya kwanza alipokwenda kujitambulisha, Mzee Mazengo alimwuliza swali hilo hilo, na Yotham akajibu kwamba katika mashine zake hakuna hata kitu kimoja cha wizi. Mzee akasema, "Hilo nimelipenda." Katika miezi yote ya posa, hicho ndicho kitu pekee alichowahi kukisifu. Sasa ahamie kwa Castory, ng'ombe waonekane, neno litoke, Angelina abaki. Au asimame hapa na giza lake. Akamtazama Angelina. Angelina akainua macho mara moja, akatikisa kichwa kidogo, kidogo sana, akamwaga chai nje ya kikombe.

"Mzee," Yotham akasema, "sitaki kukudanganya. Kwa mashine hii picha hazitaonekana leo. Sauti tu ndiyo ipo. Na kwa Castory siwezi kukupeleka, kwa sababu nilishakupa neno langu."

Fundi wa jirani naye akawa amezima mashine yake, asikie.

"Sauti tu," mzee akarudia. "Nimekuja toka Chang'ombe kusikiliza ng'ombe."

"Si tusikilize?" akasema shangazi Loisi, akikaa tena. "Chai yenyewe bado ya moto. Mwanangu, fungulia."

Yotham akafungulia, akaongeza sauti hadi mwisho. Wakakaa wakilitazama lile dirisha jeusi, maana mtu hajui aweke wapi macho. Kwato zikatembea kwenye tope. Ndama akamwita mama yake. Shangazi akasema huyo ana njaa, mzee akamwambia anyamaze.

Ndipo ikaingia sauti ya mtu, karibu kabisa, ya kizee, yenye kikohozi. Yotham akashtuka. Ilikuwa ya Mzee Batholomeo, baba yake mzazi.

"Joshua. Huyu mtamba mwekundu mpige ukiwa upande huu. Huu hapa. Mguu ule wa nyuma usitokee."

Jamani! Unaona ilivyokuwa? Mzee Batholomeo maisha yake yote alijua kamera ni ya picha. Unasimama, unakunja uso, inalia kwacha, basi. Kwamba kidude kile kinanasa na maneno, nani amwambie? Na Joshua, kwa haraka ya kuwahi gari la Kondoa, hakuisikiliza kazi yake.

Yotham akanyoosha mkono kuzima. Fimbo ya Mzee Mazengo ikatua taratibu juu ya kipanya.

"Acha," akasema. "Hapa ndipo panaponihusu."

Yotham alitamani ardhi ipasuke. Miezi yote ile ya kujinadi uaminifu, na baba yake anamficha ng'ombe kilema mbele ya masikio ya wakwe! Angelina alikuwa ameweka birika chini.

"Baba mkubwa," ikasema sauti ya Joshua, "wakija wenyewe si watamwona?"

"Wakija ndoa itakuwa imeshafungwa. Na huyo mjomba wao nasikia ni mbishi, kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha mguu mmoja mbovu atakukagua hadi ya kwako. Piga."

Shangazi Loisi akapasuka kicheko. Akajifunika kanga mdomoni, wapi, kicheko kikatokea pembeni. Castory pale dirishani akatoweka kabisa, akasikika anacheka chini ya ukuta. Mzee Mazengo hakusogeza hata kope.

Ng'ombe akapumua. Halafu Mzee Batholomeo akasema, na sauti imeshuka, "Ngoja. Acha kwanza."

"Nini tena, baba mkubwa?"

"Yule binti. Alipokuja Krismasi alikwenda zizini peke yake asubuhi, anataka kujifunza kukamua. Ndama akampiga teke, akakaa kwenye samadi na gauni lake la kanisani. Nikasema basi, mwalimu huyu atalia, atapanda gari arudi mjini." Akakohoa. "Akacheka. Akacheka mpaka na mimi nikacheka, na mimi tangu mama yake Yotham afariki nilikuwa sijacheka humu zizini. Mtoto wa namna ile nimpe kilema? Hapana. Mtoe huyu mwekundu. Mlete Madoa."

"Madoa! Si ulisema Madoa atazeekea hapa?"

"Nilisema. Mlete, acha maneno."

Yotham akageukia ukuta. Madoa alikuwa ng'ombe wa mama yake, aliyemlea tangu ndama mchanga kwa mikono yake. Wanunuzi wa mnadani walikuja wakaondoka, ndugu wenye shida walikuja wakaondoka, na Mzee Batholomeo hakuwahi kumfungua kamba Madoa kwa ajili ya mtu yeyote. Yotham alilia pale pale, mbele ya wakwe, na shati la watu likafanya kazi ya leso. Baba yake hakuwahi kumwambia neno hata moja la namna ile. Na kwa kweli hata sasa hakuwa amemwambia yeye.

Mlio mpya wa ng'ombe ukasikika, wa taratibu, na Mzee Batholomeo akimnong'oneza kwa Kigogo maneno ya kubembeleza. Kisha ikawa kwacha, CD ikaisha, mashine ikanyamaza.

Mzee Mazengo akanywa chai yake yote kwanza. Akafuta masharubu.

"Una simu?" akauliza.

Yotham akampigia Joshua, Joshua akakimbia na simu hadi zizini, na sauti ya Mzee Batholomeo ikatoka kwa kelele, kama watu wote wa kule wanaodhani umbali unashindwa kwa kupiga makelele.

"Yotham! Wamewaona?"

"Hawakuona kitu, baba. Picha zimekataa. Wamesikia."

"Wamesikia nini?"

"Yote, baba. Kamera hiyo inachukua na maneno."

Kwenye simu kuku tu ndio waliosikika. Halafu, kwa sauti ndogo ambayo Yotham hakujua kama baba yake anayo, "Na lile la jiwe la kusagia?"

Mzee Mazengo akaichukua simu, akasalimia kwa Kigogo. "Mbukwa, mkwe. Mazengo hapa. Lile nalo tumelisikia."

"Ee Mungu wangu."

"Nyamaza, nina neno. Ng'ombe wa marehemu sitamchukua. Hata umlete mwenyewe mpaka mlangoni kwangu, utarudi naye. Niletee yule mwekundu, yule wa mguu. Barabara ikikauka umlete polepole, asisukumwe. Wengine wote nimewakubali kwa sauti zao. Jumanne watoto wafunge ndoa."

Shangazi Loisi akapiga kigelegele hadi fundi vyuma akaja kuchungulia. Angelina alisahau macho chini, alisahau desturi zote, akamshika Yotham mkono mbele ya mjomba wake, na mjomba akajifanya anatafuta fimbo iliyokuwa mkononi mwake.

Upande wa pili Mzee Batholomeo alisikika akianza, anakohoa, anaanza tena. Mwishowe akasema, "Ni wa nyuma, mkwe. Wa kushoto. Alitumbukia kwenye shimo la mchanga wakati wa kiangazi. Asubuhi za baridi unavimba, inabidi umkande. Na hapendi kutanguliwa na wenzake kwenye maji, atakusumbua."

"Unamkanda na nini?" akauliza Mzee Mazengo, akisogeza benchi akae vizuri.

"Maji ya chumvi. Lakini yasiwe ya moto sana."

"Vuguvugu?"

"Vuguvugu. Kisha unamfunga kitambaa, na usimwambie mtu mwingine akufungie, kwa sababu akimbana sana anapiga teke."

Wakaendelea hivyo, wazee wawili ambao hawajawahi kuonana, wakiuzungumza mguu ule mmoja, mpaka salio la Yotham likakatika.