Kuku Wote Waletwe kwa Ajili ya

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeshtakiwa na kuku.

Kikao ni ofisi ya kijiji cha Isyeto. Mwenyekiti ni kuku wa mama, yule asiye na manyoya shingoni, na ameketi kwenye kiti chenye mto. Wengine wamejaa kwenye mabenchi, wana vumbi na utando wa buibui mgongoni, maana wote wametokea chini ya vitanda.

"Tusekile," ananiita, "si ndiye wewe unayezunguka na kaka yako Ambokile kwenye pikipiki ya matangazo?"

"Ni mimi, mama." Sijui kwa nini nilimwita mama, lakini ilionekana inafaa.

"Juzi ulitangaza nini? Rudia neno kwa neno."

Shule niliishia la saba, ila tangazo nikisomewa mara moja silisahau. Nikasimama wima. "Wananchi wa Isyeto mnatangaziwa, kesho asubuhi kuku wote waletwe ofisi ya kijiji, wakiwa hai, kwa ajili ya..."

Hapo sauti ikakatika. Sikunyamaza, nilikatika, kama spika ilivyokatika juzi pale kona ya kanisa, betri ilipoishiwa. Neno lililobaki lilikuwa moja tu, chanjo. Nilikuwa nalo kooni, likagoma kupanda.

"Kwa ajili ya nini?" kuku wakauliza kwa pamoja.

Nikafungua mdomo. Ukatoka mkwaruzo wa spika.

"Mnaona!" akasema Mwenyekiti. "Basi watu wakajimalizia wenyewe. Huyu anasema kuna mgeni mkubwa anakuja, yule anasema ni ushuru. Tukasukumwa mvunguni. Mimi nataga ndani ya buti la baba yako. Unadhani raha?"

"Samahani, mama."

"Kideri, ule ugonjwa unaotumaliza kuku, kimeshafika kijiji cha jirani. Bwana mifugo amesema dawa yake mwisho kesho, barafu inayeyuka. Kesho ukikatika tena, sisi hatutakuwepo kusikia mara ya tatu. Nenda ukatafute moto wa betri unaishia wapi. Tunakusubiri."

Kisha kila kuku akakunja mguu mmoja, akasubiri.

Mimi si mtu wa haraka. Nikachuchumaa kando ya pikipiki, nikaitazama kwanza. Halafu nikafungua kifuniko cha betri, nikaingia.

Ndani ya betri ni nyumba ya kupanga. Vyumba sita, vimefuatana. Nabisha hodi cha kwanza, anafungua mpangaji ameshika sahani tupu.

"Umeleta?"

"Sijaleta. Nachunguza tu."

"Kachunguze haraka basi, shangazi." Akawaita wenzake, wakatoka na sahani zao. "Fundi alikuja akasema wapangaji wa humu ni wagonjwa. Akawatoa, akaleta wapya. Wapya ndio sisi. Hatuumwi. Tuna njaa."

Ukutani ameegemea Mita, mwanamke mwembamba, mkono mmoja mwekundu, mwingine mweusi. Namfahamu kwa sura, fundi humtoa kwenye mkoba wake akitaka kupima volti za moto.

"Ugonile, Mita," nikamsalimia.

"Kumi na mbili," akaitikia.

"Na pikipiki ikiwa inaunguruma?"

"Kumi na mbili."

"Ilitakiwa iwe ngapi?"

"Kumi na nne." Akatazama sahani zile, akaniwekea mkono mweusi begani. "Kumi na mbili," akasema kwa huruma.

Nikaelewa. Injini inaunguruma, lakini humu ndani hakiingii chochote. Wanakula akiba mpaka inakwisha, spika inakufa, na mimi natukanwa.

Ukumbi ukageuka kiwanja cha ngoma bila kuaga. Katikati wamesimama ndugu watatu wa kike, magauni yao ya njano ya kitambaa kimoja. Mjomba wao Sumaku anawazunguka mbio, tumbo linacheza. Kila akiwapita wanaruka mbele, kisha wanaruka nyuma.

"Sisi ndio Koili," akasema mkubwa wao bila kuacha kuruka. "Sisi ndio tunaopika moto. Tunasikia kaka yako anatutangaza kwamba tumeungua. Hebu tunuse!"

Nikawanusa mmoja mmoja. Walinukia oili ya injini, basi.

"Usiamini pua tu," akasema mdogo wao. "Tupime. Tupime wawili wawili, asije mtu akasema mmoja wetu mvivu."

Nikamshika Mita mikono. Nikapima wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, wa tatu na wa kwanza. Mara zote Mita alitaja namba ileile, na ya mwisho akaitaja kwa kuwapigia vigelegele.

"Sasa kama mnapika," nikauliza, "chakula kinapotelea wapi?"

"Tunampelekea Rektifaya. Wewe si unatuona? Mbele nyuma, mbele nyuma. Betri haitaki watu wa hivyo. Yeye ndiye anayetunyoosha tuelekee upande mmoja, halafu anatuingiza. Ila siku hizi tukifika kwake anatuambia, ngojeni kwanza."

"Tangu lini?"

"Tangu kaka yako alipoipendezesha pikipiki," wakasema wote watatu, na Sumaku akaguna akiwa mbioni.

Nikajikuta chini ya kiti cha pikipiki, ila pana ukubwa wa sebule. Rektifaya ni baba mnene, mgongo wake una matuta kama bati. Ameketi kwenye godoro la kijani linalong'aa, miguu inaning'inia.

"Karibu, dada. Samahani siinuki. Na kukaa kwenyewe sijakaa."

"Mbona nakuona umekaa?"

"Nimekalia rangi. Zamani nilikuwa nakalia chuma." Akalipapasa godoro kwa huzuni. "Ambokile alitufungua wote, akaipaka fremu rangi mikono mitatu ili wananchi wawaheshimu. Ikapendeza kweli, simsingizii. Kisha akanifunga juu yake. Hata bolti yangu kaipaka."

"Ubaya uko wapi?"

"Dada, moto una maswali kuliko mtoto anayetumwa dukani. Nikiuambia nenda kwenye betri, unaniuliza, nitarudi njia gani? Njia ya kurudi ni chuma cha fremu, inapitia hapa nilipokalia. Sasa hapa kuna rangi. Nikiuambia wewe nenda tu, unanijibu, tangulia wewe."

Nikatafuta tupa. Nikatafuta hata kipande cha msasa. Mfukoni nilikuwa na punje za mahindi tu.

"Meno unayo?" akauliza Rektifaya.

"Ninayo."

"Sasa unatafuta nini?"

Nikapiga magoti, nikang'ata. Rangi ya kijani ina ladha ya ndizi mbichi. Nang'ata, natema, nang'ata tena, sina haraka, mpaka chuma kinatokea, cheupe, kinameta kama sufuria ya sikukuu. Bolti nayo nikaitafuna pande zote.

Rektifaya akajishusha taratibu, akakaa.

"Aaaah," akasema.

Hapohapo wale wa njano wakaingia wakicheza kwa mstari, wote wameelekea upande mmoja, kila mmoja na chungu kichwani. Wakapita mbele yangu bila kunisalimia, wana kazi. Vyumba sita vikafunguka kwa mpigo. Nikasikia sahani, vijiko, mtu anasema ongeza.

"Kumi na tatu!" Mita akapiga kelele, mikono juu. "Kumi na tatu na nusu! Kumi na nne! Kumi na nne, jamani!"

Nikawa tena ofisini. Kuku wakashusha miguu.

"Sasa malizia," akasema Mwenyekiti.

Nikavuta pumzi mpaka tumboni. "Kuku wote waletwe ofisi ya kijiji, wakiwa hai, kwa ajili ya..."

Nikaamka.

Kumepambazuka. Ukungu umelala juu ya mashamba ya chai, na uani pikipiki inaunguruma, Ambokile ameipiga kiki mapema. Nikasikia kishindo cha kiti kikifunuliwa. Kisha:

"We Tusekile! Nani ameing'ata pikipiki yangu?"

Alikuwa anajaribu kipaza sauti, amesahau kukizima. Swali likatoka kwenye spika, likavuka migomba, likashuka bondeni, likapanda ng'ambo ya pili zima zima, hadi neno la mwisho.

Nikapitisha ulimi kwenye meno. Nikatema kiganjani. Kipande kidogo cha rangi, kijani.

Kutoka ng'ambo, mwanamke mmoja akajibu kwa sauti yake tu ya kuita watoto:

"Sisi hatujaing'ata! Na hao kuku ni kwa ajili ya nini? Malizeni basi!"

Nikavaa sweta, nikatoka kwenda kumalizia.