Nisaidie na Depression

Nilimfungulia Wanja mlango nikiwa na hasira. Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumatatu, nasahihisha, na anayenigongea saa hizo heri awe na jambo la maana.

"Mwalimu, Njambi hajafika shule," alisema. "Ametoka nyumbani na uniform saa kumi na mbili. Simu yake imezimwa. Amekuja hapa kwako?"

"Tuition ni Jumamosi, Mama Njambi. Huyo amejificha mahali. Nilimpa hesabu tano juzi, za kuniletea leo jioni akitoka shule, na najua hajafanya."

Ndivyo nilivyo. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, na sasa nimestaafu nawafundisha watoto wa hapa Mugutha kwenye meza yangu ya kulia. Sibembelezi mtu. Tangu Ephantus, baba yake Njambi, afariki mwezi wa nne, msichana alikuwa ameporomoka kutoka A hadi D. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba matanga hayasimamishi mtihani. Nilidhani namsaidia.

"Jana alikuwa anaandikia mtu kwa simu," Wanja alisema. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Mambo ya hesabu tu." Nikamfungulia WhatsApp ili nimtoe wasiwasi.

"Mwalimu pliz nisaidie na depression," Njambi alikuwa ameandika. "Nimejaribu peke yangu nimeshindwa."

"Jumapili jioni ndiyo unakumbuka?" nilikuwa nimemjibu. "Depression ni elevation iliyogeuzwa. Chora mchoro kwanza."

Kati ya zile hesabu tano, tatu zilikuwa za pembe ya mtu aliye juu anayetazama chini, ile ambayo vitabu vyetu huita angle of depression; ya anayetazama juu ni elevation. Wanafunzi wangu wote hufupisha. Huyu elevation imemsumbua, yule depression imemshinda, na mimi nawajibu huku chai iko mkononi.

Wanja alisoma ule mstari wa kwanza, akaketi sakafuni.

"Ngai! Mtoto amekuambia ako na depression."

"Hapana, hiyo ni topic ya—"

"Mwalimu. Amekuambia."

Wanja aliachia shule darasa la saba. Alijua depression moja tu, ile ya redioni na ya kina mama wa kanisa, ugonjwa wa huzuni unaomzamisha mtu. Mimi pia nilijua moja tu, na kati yetu wawili ni yeye aliyesoma sawa.

Chini ya maneno yangu kulikuwa na picha ya mchoro. Mtu amesimama juu ya mwamba, na mstari mmoja unateremka kutoka machoni pake. Hakuandika kimo wala digrii.

"Kitu anachotazama kiko wapi?" nilikuwa nimemuuliza.

"Hakuna kitu Mwalimu. Ni maji tu."

"Basi weka jiwe. Bila kitu huko chini hakuna swali."

Hakujibu tena. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifikiri ameelewa.

"Maji," Wanja alisema. Alikuwa ameshasimama. "Baba yake alikuwa anampeleka mto Chania, pale Thika, kila Krismasi, wanaangalia maporomoko. Mwalimu, tafuta gari!"

Mutinda, jirani yangu, alitutoa Mugutha hadi Thika kwa gari lake. Wanja alisali kwa Kikuyu njia nzima. Mimi nilijaribu kusali nikashindwa, nikabaki kurudia moyoni, weka jiwe, weka jiwe. Nilijichukia.

Tulimkuta hai. Alikuwa ameketi kwenye nyasi nyuma ya hoteli ya zamani iliyo kando ya maporomoko, mkoba mapajani, na maji yakinguruma hapo mbele. Hatua chache kutoka kwake, Kyengo, mfanyakazi wa bustani, alikuwa anafyeka mahali ambapo palikuwa pamefyekwa tayari.

"Alikuwa amesimama pale kwa ukingo," Kyengo alituambia kwa sauti ya chini. "Nikamwambia arudi nyuma, akarudi. Nikaona nisiende mbali."

Wanja alimkumbatia mtoto wake, wakaanguka pamoja kwenye nyasi. Wanja alilia. Njambi hakulia. Alinitazama juu ya bega la mama yake, akaona ni mimi, na mikono yake ikaanza kuhangaika na zipu ya mkoba. Akatoa daftari.

"Wachana na hiyo, mama," nilimwambia. Sikuwahi kumwita mwanafunzi mama. "Wachana na hesabu."

Aliendelea kuninyooshea mpaka nikalipokea. Nililifungua kwa sababu sikuwa na pengine pa kuangalia. Hesabu zilikuwa pale zote tano, na zote amezipata, kimo, digrii na mchoro. Juu ya ukurasa aliandika tarehe ya Jumamosi. Ujumbe wake kwangu ulikuwa wa Jumapili.