Kikombe Chenye Ufa

Mke wangu alikuwa na ugonjwa wa vyombo. Si vya dukani, wala. Vya mfinyanzi mmoja tu, yule mama wa nyuma ya kiwanda cha mbao tuliyemwita Majivu, kwa kuwa rangi yake ya kijani inayong'aa aliipika kwa majivu. Vipande arobaini na moja, kabati zima. Nilinung'unika: nyumba yenyewe kiganja, sasa tulale juu ya mabakuli? Akanicheka, akaleta cha arobaini na mbili.

Alipofariki nilitaka kimoja tu, kikombe chake cha chai. Kilikuwa na ufa toka mdomoni hadi kitakoni, na ufa ulikuwa unatembea. Nilimwendea Majivu, nikamwambia kikivunjika hiki sina tena cha kushika.

"Shemeji," akasema, "kiwanja kimeuzwa, nawasha tanuri mara ya mwisho. Nikikipaka rangi na kukichoma upya, ufa unaweza kuziba. Ila kiwe kikavu. Chombo chenye ufa kinakunywa maji. Kianike siku saba, usikiguse."

Nikakianika siku saba dirishani, nikikilinda kama mgonjwa. Siku ya nane nikakitazama: vumbi, na ndani weusi wa chai yake. Nikaona haya. Mtu mzima hapeleki chombo kichafu kwa watu. Nikakisugua kwa sabuni, nikakisuuza, nikakifuta kwa kitambaa mpaka kikang'aa.

"Kikavu?" Majivu akauliza akikipokea.

"Kikavu," nikajibu, na wallahi sikujua kuwa nadanganya.

Siku ya tatu akaniita. Kikombe kilipasukia ndani ya moto, kikaangusha rafu, na rafu ikaangukia kazi yake yote ya mwisho. Alikuwa amekaa kwenye matofali, vigae vya kijani miguuni, na hata kimoja sikuweza kukitambua kuwa ni cha mke wangu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Ulikifanya nini, shemeji?"

"Nilikiosha."

Akainamisha kichwa. Maji yalishaingia ufani.

Miaka thelathini na moja ya ndoa, vyombo aliosha yeye. Ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwoshea kikombe.