Antena ya Mita Arobaini

"Zombe, Zombe, Zombe. Mnanisikia? Ova."

Tulimsikia Musembi kama amekaa nasi chumbani pale Zombe, na yeye alikuwa ofisi ya msaada, Kitui mjini. "Tunakusikia, Musembi," nikajibu, kidole kwenye kitufe. Akaita tena vilevile, kwa sauti ya mtu anayeanza kuchoka. Nikajibu kwa kelele, kana kwamba kelele zingefika Kitui kwa miguu. Wapi! Hakunisikia. Mama Kalunde alikuwa nyuma yangu na daftari lake.

Mwaka ule wa njaa, 1984, utaratibu ulikuwa huu: kila Jumatatu saa nne asubuhi ofisi iliita vituo vyake, na kituo kisichojibu mara tatu kilirukwa. Lori la mahindi lilikuwa moja tu. Nje ya ghala la kanisa watu walikuwa wamekaa chini tangu alfajiri, nao walikuwa wengi kuliko nilivyotaka kuhesabu.

Antena niliichagua mimi. Wiki moja kabla, Mama Kalunde, katibu wa kamati ya msaada ya Zombe, aliingia dukani kwangu Kitui akiwa na redio ndani ya boksi. Antena yake ilikuwa imepotea njiani. Mimi ni Shee, fundi wa redio, na mji mzima ulijua kwamba sikosei. Nilikuwa nimehakikisha unajua. Nikakagua tundu la nyuma, nikatafuta waya wenye plagi ya kuliingia. Plagi ikaingia, nikaizungusha ikakaza, nikaona hapo hakuna tena la kufikiria. Karatasi iliyokuja na redio ilisema: antena ya mita arobaini. Nikachukua tepu, nikapima waya mita arobaini kamili.

"Fundi," Kalunde akasema, "kwani hiyo mita si kama ile ya taarifa ya habari? Wanasemanga mita bendi arobaini na moja. Hiyo si urefu ya waya."

Nilicheka, na wateja wawili wakacheka nami. "Mama, mita ni mita. Ama huko kwenu Zombe mna nyingine?"

Akatabasamu kwa adabu, akafunga boksi. Lakini neno lake lilinikaa. Nilipokuwa nakunja ule waya nilishajua kwamba huenda mama yule anasema kweli. Palikuwa na fundi mwenzangu ng'ambo ya barabara, hatua thelathini hivi, ningemuuliza. Niliona aibu kwenda kuuliza swali nililopewa na mama mkulima wa Zombe, basi sikwenda.

Nilikuja Zombe mwenyewe kuifunga, na sasa mwito wa tatu ukaja, nikajibu, ukapita.

"Zombe hawajibu," Musembi akamwambia mtu aliyekuwa naye. "Lori iende Ikutha."

Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anafanya kazi yake, na sisi tulikuwa tunamsikiliza akiifanya.

Nilitoka na koleo. Waya ulikuwa umevutwa kati ya milingoti miwili, mita ishirini huku na ishirini huku. Ile arobaini ilikuwa urefu wa wimbi la redio, na waya unataka nusu yake. Redio itasikia hata kwa waya wa kuanikia nguo. Kusema ndiko kunakotaka kipimo. Hakuna aliyenifundisha hayo asubuhi ile. Nilikuwa nayajua tangu dukani, kama ningekubali kuyakumbuka. Nikakata, nikabakisha kumi kila upande, Kalunde akinishikia ncha. Ilichukua dakika ishirini.

"Musembi, hapa Zombe. Ova."

"Aii, Zombe! Mlikuwa wapi? Lori imetoka sasa hivi. Ngojeni ile ingine, wiki mbili. Ova."

Nikamgeukia Kalunde. Nilitaka anikaripie, kwa kweli nilitamani anitukane. Alifungua daftari, akaandika saa, akalifunga.

"Sasa iko sawa," akasema. "Enda uwaambie."

"Mimi?"

"Si wewe ndio fundi?"

Nikaenda. Wazee wangu walitoka pwani, na maneno hayajawahi kunipungukia. Nikawaeleza habari za mawimbi, mita na bendi, tena nikaitaja karatasi iliyoandikwa vibaya, ingawa karatasi haikuwa na kosa. Walinisikiliza vizuri sana. Nilipomaliza, bibi mmoja aliyeitwa Mutindi, aliyekaa mbele kabisa, akainua uso.

"Hiyo yote tumesikia," akasema. "Lori inakuja ama haikuji?"

"Haikuji," nikasema.

Akaegemeza mkono wake chini, akainuka polepole, akamvuta na mwenzake.

"Asante, fundi, kwa kutuambia mapema," akasema. "Wengine wetu tumetoka mbali."